Bosi aonje, ila aongee mwisho: niliyojifunza kwenye kuonjesha waini maofisini

Kuna karatasi moja ninayo mpaka leo kwenye droo, A4 ya kawaida tu iliyokatwa nusu, juu imeandikwa "Glasi namba 3" na chini yake mtu kaandika kwa peni ya bluu "embe bichi, pasheni, kama limau kidogo", afu kayakata maneno yote hayo kwa mstari mmoja na pembeni kaandika "zambarau". Aliyeandika ni dada wa mapokezi wa kampuni moja hapa Dar, na alichoandika mara ya kwanza ndo kilikuwa sahihi kabisa, manake kwenye ile glasi kulikuwa na waini nyeupe ya Dodoma, Chenin blanc, ambayo mimi mwenyewe niliitia rangi nyekundu ya keki dakika ishirini kabla watu hawajaingia. Nilipomfuata baadae taratibu nikamuuliza, dada mbona ulikata, akanijibu kwa sauti ya chini, "Si nilimsikia bosi anasema zambarau."

Siku hiyo ndo nilielewa hii kazi ninayoifanya ni ya nini.

Mi nilianzia HR, nimekaa huko miaka sita, na kila mwaka kulikuwa na fungu la timu bilding, na kila mwaka tulifanya yale yale, tisheti zenye nembo, kuvuta kamba, kukimbia na magunia, hotuba, pilau, muziki, kwaheri. Watu wa fainansi wanakaa na watu wa fainansi, madereva wanakaa kwao, manejimenti wana meza yao yenye kitambaa. Tunarudi Jumatatu kama tulivyoondoka Ijumaa. Basi mwaka mmoja mkuu wetu karudi safari ya Afrika Kusini, kapelekwa Stellenbosch kwenye mashamba ya mizabibu, kaonjeshwa, kafurahi, akasema mwaka huu tufanye kitu kama kile, na kazi nikapewa mimi ambaye waini nilikuwa naijua ile ya harusini tu.

Nitasema ukweli jinsi ilivyoenda manake najua kuna watu wanapanga kitu hiki hiki sasa hivi na watapita njia ile ile niliyopita. Ilikuwa Januari, joto la Dar mnalijua. Nilikodi baraza la hoteli upande wa baharini nikiamini upepo na mandhari vitatusaidia. Watu 30, nikanunua chupa 24, yaani karibu chupa nzima kwa kila kichwa, kwa sababu niliogopa isije ikaonekana tumewabania. Nikaleta mtaalamu mwenye slaidi, kaongea dakika hamsini, projekta haionekani kwa jua, akawa anataja harufu za matunda ya Ulaya ambayo pale hakuna hata mmoja aliyewahi kuyaona yakiwa mtini. Waini nyekundu ilikaa mezani tangu saa tisa alasiri, kufika saa kumi na moja imekuwa vuguvugu kama chai iliyosahaulika, ukiinua glasi spiriti inakuchoma pua kabla hujasikia kingine chochote. Jua lilipozama mbu wakaja, wahudumu kwa nia njema kabisa wakawasha dawa ya mbu ya kuzunguka chini ya kila meza, na kuanzia hapo waini zote tano zilinuka dawa ya mbu, na aliyekuwa hasikii dawa ya mbu alikuwa anasikia manukato ya jirani yake maana watu walikuja wamejipulizia kama wanaenda sendofu.

Chakula kilikuja saa mbili usiku. Wenzetu saba wasiokunywa walikaa meza ya pembeni karibu na jenereta wakinywa soda, wakitutazama. Kufika saa tatu watu wawili wa mauzo wanagombana kwa sauti, na mwenzetu mmoja aliwasha gari akajiendesha mwenyewe mpaka Mbezi, nikakaa roho juu mpaka saa sita aliponijibu meseji kwamba kafika.

Jumatatu hakuna aliyelizungumzia. Wale saba ndo walioniuma zaidi.

Ningeweza kuacha hapo, na kuna wakati nilitaka kuacha, ila nilikuwa nimeona kitu kimoja kidogo katikati ya ile vurugu. Pale mwanzoni kabisa, kabla mambo hayajaharibika, dereva wetu mmoja na mkuu wa fainansi walikuwa wamekaa karibu kwa bahati tu, wanabishana kama kuna harufu ya ukwaju au hakuna. Wanabishana kweli, kwa usawa, hakuna anayemwambia mwenzie "ndio mzee". Miaka sita sijawahi kuona hilo ofisini kwetu. Nikajiuliza kama kimetokea kwa bahati mbaya, si kinaweza kutokea kwa kupangwa?

Ikabidi nijifunze kutoka sifuri. Nimesoma usiku mwingi kwenye intaneti, nimekaa na watu wa maduka ya waini nikiwauliza maswali mpaka wakanizoea, nimeenda Dodoma mara kadhaa kwa nauli yangu. Jambo la kwanza nililorekebisha ni vipimo, na hapa naomba mnisikilize sana: kuonja sio kunywa. Mililita 50 kwa mtu kwa kila waini inatosha kabisa, chupa moja ya mililita 750 inatoa vionjo 15, kwa hiyo watu 30 na waini tano ni chupa 10, sio 24, na mtu akimeza kila tone atakuwa kanywa robo lita kwa masaa mawili huku anakula. Nyekundu inaingia friji nusu saa kabla ya kumiminwa, kwa joto letu hilo halina mjadala, manake ile habari ya "joto la chumba" kwenye vitabu vya Wazungu ni chumba cha nyuzi 16 mpaka 18, sio sebule ya Sinza mwezi wa kwanza. Nyeupe iwe baridi zaidi, kwenye 8 mpaka 12. Ndani ya ukumbi, feni isimpige mtu usoni, mwaliko uandike wazi kwamba siku hiyo hakuna manukato wala udi kwenye nguo, na dawa ya mbu inapuliziwa mchana mapema, ukumbi unafunguliwa madirisha, basi.

Na kutema. Kwa wataalamu kutema ni kawaida, ila kwetu mtu mzima kutema mbele ya watu wazima wenzake ni aibu, nilipoweka ndoo katikati ya meza hakuna aliyethubutu hata kuitazama. Sa hivi kila mtu nampa kikombe chake cha karatasi chenye kifuniko, na mimi ndo natema wa kwanza mbele ya wote, natema kweli, afu naendelea kuongea. Wakishaona hivyo nusu yao wanatema bila shida, na madereva wa siku hiyo wote wanatema, na usafiri wa kurudi uko kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, sio kitu cha kuulizana saa nne usiku nje ya geti.

Afu lugha. Hili ndo lilinifurahisha kuliko yote. Yule mtaalamu wangu wa kwanza alikuwa anahangaika kueleza ile hali ya waini nyekundu kukausha mdomo, kazunguka weee kwa Kiingereza, kumbe sisi neno tunalo tangu enzi za mababu, ukakasi. Uliza mtu yeyote aliyekulia Mtwara au Lindi aliyewahi kung'ata bibo la korosho, ulimi unakuwa kama umevalishwa soksi, ndo huo huo. Unatoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, na ndo maana nyekundu inao na nyeupe haina au inao kidogo sana, kwa sababu ya nyekundu juisi inachachuka pamoja na maganda, ya nyeupe juisi inatenganishwa mapema. Tunao uchachu, tunao ukali, tunao utamu, uchungu, ukakasi. Na harufu je? Karafuu, iliki, mdalasini, pilipili manga, zambarau, ubuyu, pasheni, ukwaju, moshi wa mkaa, udongo wa mvua ya kwanza. Nilipoacha kutumia orodha za kigeni nikawaambia watu wataje vitu vya jikoni kwao na vya njiani walipokuwa wanatoka shule, ukumbi ulibadilika. Mtu ambaye dakika tano zilizopita anasema "mimi sijui waini" anasimama anasema hii inanuka ngozi ya kiatu kipya cha Bata, na yuko sahihi.

Sasa nirudi kwenye ile karatasi.

Mchezo wangu siku hiyo ulikuwa hivi. Chupa zote zimevalishwa mifuko ya kaki mpaka shingoni. Vikundi vya watu watano watano, nimevipanga mwenyewe usiku uliopita nikiwa na orodha ya wafanyakazi, hakuna kikundi chenye watu wawili wa idara moja. Kila mtu ana karatasi zake za kuandika, ila mwisho kikundi kinatoa jibu moja tu la kukubaliana. Glasi namba 3 ndo ilikuwa mtego. Sikuubuni mimi, watafiti wa Bordeaux kule Ufaransa walichapisha mwaka 2001 jaribio lao ambapo wanafunzi 54 wa mambo ya waini walipewa waini nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, na wakaielezea kwa maneno yale yale wanayotumia kwa nyekundu. Wanafunzi wa fani hiyo, sio watu wa mtaani. Jicho liliishika pua mkono likaipeleka linakotaka.

Nilitegemea nione hivyo hivyo, jicho kudanganya pua, tucheke, tuendelee. Ila nilivyokusanya karatasi jioni ile niliona kitu kingine ambacho watafiti wale hawakuwa wanakitafuta. Kwenye kikundi cha mkurugenzi, karatasi nne kati ya tano zilikuwa na "zambarau". Mbili kati ya hizo nne zilikuwa na kitu kingine kimekatwa pembeni yake. Yaani kulikuwa na watu ambao rangi haikuwadanganya, pua zao zilifanya kazi, zikasikia embe, zikasikia limau, afu wakamsikia mkubwa, wakajikata wenyewe kwa peni. Na mkurugenzi wala hakuwa amelazimisha mtu. Kanusa, kasema kwa furaha "aah hii zambarau kabisa, hii nyekundu ya South Africa", mtu mwema kabisa, kajisemea tu.

Nililala na zile karatasi kichwani. Maana ukiangalia vizuri hapo hakuna habari ya waini tena. Ni watu wangapi kwenye mikutano ya Jumatatu wanajua kwamba huu mpango hauendi popote, wanajua kabisa, na wanaandika zambarau?

Kuanzia hapo nilibadilisha kanuni na sijairudisha nyuma mpaka leo. Dakika mbili za kwanza za kila glasi ni kimya kabisa, hakuna "mmh" wala "aah" wala kukunja uso, unanusa, unaonja, unaandika kwa peni, na kilichoandikwa hakikatwi, kama umebadili mawazo unaongeza chini. Halafu wanasoma kwa zamu kuanzia mdogo wa cheo mpaka mkubwa, bosi wa mwisho. Mwanzoni mabosi wengine wanaona kama wamenyang'anywa kitu, mmoja aliniuliza mbele za watu, "Sasa dada mimi nikae tu nisubiri?" nikamwambia ndio mzee, usubiri, na alipofika zamu yake alikuwa kashasikia mambo manne ambayo yeye hakuyasikia kwenye ile glasi, akarudi kunusa tena bila kuambiwa. Naweka mtego wa rangi pale mwisho wa awamu ya kwanza bado, ila sasa kwenye kila kikundi walau mtu mmoja anang'ang'ania kwamba hii kitu haina ukakasi, mbona ulimi wangu haukauki, nyekundu gani hii. Wakishabishana wee mimi naivua chupa mfuko wa kaki. Zile kelele mtu akisikia nje atadhani Simba na Yanga.

Hapo ndo nawasimulia habari ya Paris, tarehe 24 Mei 1976, Muingereza mmoja mfanyabiashara wa waini, Steven Spurrier, aliwaweka waamuzi wa Kifaransa waonje bila kuona chupa, waini za Ufaransa na za California zikiwa zimechanganywa, na California ikashinda nyeupe na nyekundu zote mbili. Naisimulia baada ya mchezo, sio kabla, kwa sababu nataka wajue kwamba kilichowatokea mezani kwao kimewatokea na wakubwa wa dunia, na pia kwa sababu chupa inayofuata mezani ni Makutupora nyekundu kutoka Dodoma, na nimeona mara nyingi mno mtu akiisifia ikiwa ndani ya kaki na kuikunjia uso ikitoka.

Kampuni moja walinipigia miezi mitatu baadae kuniambia kikao chao cha Jumatatu sasa kinaanza na dakika mbili za kuandika kimya. Sijui kama wanaendelea. Natamani sana wawe wanaendelea.

Wasiokunywa. Hapa ndo nilikosea zaidi na ndo nimejifunza kwa uchungu. Baada ya lile tukio la jenereta nilidhani dawa ni kuwapa juisi nzuri badala ya soda na kuwaweka meza moja na wenzao. Dada mmoja wa masoko, mzaliwa wa Wete, Pemba, akanivuta pembeni akaniambia kwa upole, "Dada, mimi sio kwamba sinywi tu, meza yenye pombe dini yangu hainiruhusu kukaa." Mi nilikuwa nalijua hilo, nimeishi na Waislamu maisha yangu yote, na bado kwenye mipango yangu sikuliweka. Tangu siku hiyo mchezo wa pua unatangulia, kwenye chumba kingine kabisa ambacho hakuna hata chupa moja, vikopo 12 vimefunikwa kwa foili yenye vitundu, unanusa unaandika. Yule dada alipata 11 kati ya 12, na kwenye kopo la karafuu hakuandika karafuu, aliandika "makonyo", nikasema hapana hapo umekosa, akacheka akaniambia fungua, nikafungua, kweli yule muuzaji wa sokoni aliniuzia vijiti badala ya karafuu zenyewe na mimi sikujua. Ile pointi nilimrudishia na nikamuomba radhi mbele ya watu. Kikundi chake kilishinda siku ile, na walipohamia ukumbi wa pili yeye na wenzake wanne walienda baraza la mbele kwenye buni za kuonja, kahawa ya Mbozi na ya Kilimanjaro, kwa kanuni ile ile ya kuandika kimya, na alama zao zinahesabiwa sawasawa kwenye jumla ya kikundi.

La pili sitalisahau. Kaka mmoja wa ugavi, kachangamka wiki nzima kwenye grupu la WhatsApp la maandalizi, siku yenyewe nikamkuta kasimama korido ya hoteli hajaingia, kashika ukuta kwa kiganja. Nikadhani anaumwa. Akaniambia ana miezi minne hajagusa pombe, nyumbani wanajua, ofisini hakuna anayejua, na alifikiri ataweza, "ila dada harufu tu inanitosha." Nilimwitia gari aende kwake, kwa wenzake nikasema kapata dharura. Mimi ndo nilikuwa nimepanga hiyo shughuli, mimi ndo nilikuwa nimeandika kwenye memo kwamba kuhudhuria ni lazima.

Sasa hivi hakuna lazima. Wiki mbili kabla natuma fomu kwa kila mtu binafsi, chaguo ni mbili, waini au kahawa, zimeandikwa kwa ukubwa mmoja, hakuna sehemu ya kueleza sababu na hakuna anayeona majibu zaidi yangu. Mtu anaweza kuwa mjamzito hajasema, anaweza kuwa kwenye dozi ya Flagyl ambayo haipatani na pombe, anaweza kuwa kaka yule. Sipangi mwezi wa Ramadhani, sipangi Kwaresima. Na majibu yakirudi nikaona waliochagua kahawa wamefika nusu, nawaambia wenye kampuni tufanye kahawa wote, kijiko, kufyonza kwa kelele, majina ya kahawa yamefichwa, bosi mwisho, inafanya kazi ile ile. Nimepoteza wateja wawili kwa kusema hivyo kwa sababu wao walitaka picha za glasi za waini, na ningesema tena.

Upande wa kukaribisha wateja wa kampuni ni kazi nyingine kidogo, watu 12 ni wengi tayari, na kosa kubwa ninaloliona ni mtu wa mauzo kushindwa kujizuia. Niliwahi kuandaa jioni moja, wateja wamekaa vizuri, wanabishana kuhusu kuku wa kupaka na ile Chenin blanc, tui na ndimu vinavyoshikana na uchachu wa waini, mzee mmoja ambaye nilikuwa nimeonywa kwamba ni mkavu anaeleza jinsi bibi yake Tanga alivyokuwa anachoma kuku kwanza kabla ya kumpaka, na kati ya glasi ya pili na ya tatu meneja mauzo akatoa brosha. Meza ilipoa pale pale. Yule mzee aliweka uma chini, akaipokea kwa heshima, akaikunja mara mbili, na hakusimulia tena. Siku hizi namwambia mwenyeji, kazi yako usiku huu ni kukumbuka mteja kapenda nini, basi, ukimtumia chupa ile ile wiki ijayo na kikaratasi cha maneno yake mwenyewe aliyoandika hutahitaji brosha, ila uliza kwanza sera yao ya zawadi, kuna ofisi ambazo chupa hiyo itamletea mtu matatizo.

Chakula msihangaike na jibini za bei mbaya. Korosho, mishkaki, sambusa, pweza, mkate mweupe wa kusafisha ulimi, maji mengi. Pilipili tu muwe makini nayo, ikikutana na nyekundu yenye ukakasi mdomo unawaka mara mbili, ikikutana na nyeupe yenye utamu kidogo inatulia, na hicho chenyewe ni mchezo mzuri.

Nimalizie na kijana wa IT. Yuko kwenye kampuni niliyoifanyia kazi mwaka juzi, kijana mkimya, kwenye vikundi vyote yeye ndo mwandishi. Ilipotoka Makutupora kwenye mfuko wa kaki alinyoosha mkono, jambo ambalo wenzake walionekana kushangaa, akasema nyumbani kwao ni Hombolo, baba yake ana mizabibu, utoto wake wote ulikuwa kufukuza ndege kabla ya shule. Akaanza kueleza, kwamba Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka, kwenye Februari na Machi na tena Agosti na Septemba, wakati nchi nyingi za waini zinavuna mara moja, kwamba mbegu zililetwa na wamisionari wa Bihawana miaka ya 1950, kwamba zabibu ikiiva haisubiri, mnunuzi asipokuja wiki hiyo inaozea mtini au unaiuza kwa bei anayotaka yeye. Aliongea kama robo saa na mimi sikumkatisha, nilifuta mchezo mmoja kwenye ratiba. Mkurugenzi wake alikuwa wa mwisho kuongea kama kawaida, akauliza swali moja, "Baba yako atatukubali tukija?"

Tulienda Agosti, watu 18, kwa treni ya SGR, asubuhi Dar na kabla ya mchana uko Dodoma. Mzee alitupokea chini ya mbuyu, shikamoo zikapita moja moja mpaka zikaisha, akatupa mikasi ya kukatia, akatufundisha kushika kichala kwa kikonyo na sio kwa kukibinya, na kwa saa nzima meneja rasilimali watu na mlinzi wa geti walikuwa mstari mmoja wanajaza kreti. Nilikuwa nimebeba chupa mbili za Makutupora na glasi. Mzee alisema kauza zabibu zaidi ya miaka ishirini ila waini yenye lebo hajawahi kuiweka mdomoni, anayoijua ni ile ya kienyeji wanayochachua wenyewe. Nikammiminia. Akaiangalia juani kwanza, akaniuliza hii chupa huko mahotelini kwenu Dar inakwenda shilingi ngapi, nikamtajia, elfu themanini. Akauliza inakula zabibu kiasi gani, nikamwambia kilo moja na ushee hivi. Akanyamaza. Wote tukanyamaza, na mkurugenzi akainamisha kichwa.

Kijana wake akamgusa bega, "Baba, nusa kwanza, usiseme, mpaka tuandike." Mzee akanusa muda mrefu, macho kayafumba. Tulisubiri na peni zetu. Zamu yake ilipofika alisema inanuka shamba lake likishanyeshewa, akaomba aongezewe, na dereva wa kosta akatukumbusha kwamba treni haitungoji.